Jinsi ya kufuatilia hitilafu zinazojulikana za kompaila ya SBCL

Maswali ni yale yale. Anayesoma Njiro anauliza, wa Tengeru anauliza, na aliyetoka Moshi kuja Arusha kufanya field naye anauliza: "Kaka, programu yangu ya Lisp inatoa jibu la ajabu. Ni mimi au ni kompaila?" Halafu linafuata la pili: "Kama ni kompaila, nitajuaje kama wenyewe wanaijua hiyo bagi?" Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wa SBCL, kompaila ya lugha ya Common Lisp, maana karibu kila anayeniuliza anaitumia hiyo. Ukiwa na kompaila nyingine ya Lisp kama ECL au CLISP, mpango ni uleule. Amri na mahali pa kutafutia ndivyo vitakavyobadilika.

Swali la kwanza lina jibu fupi: mara nyingi ni wewe. Lakini si mara zote. SBCL ilichipuka Desemba 1999 kutoka CMUCL, kompaila ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na kompaila ya umri huo haikosi hitilafu zilizoandikwa miaka mingi iliyopita ambazo hakuna aliyepata nafasi ya kuzigusa. Huna haja ya kuzijua zote. Unatakiwa kujua zipi zinakugusa wewe, umezikwepa vipi, na lini zimerekebishwa ili uache kuzikwepa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yenye Linux ya biti 64. Ubuntu au Debian inatosha.
- SBCL yoyote iliyokwisha kusakinishwa, hata kama ni ya zamani.
- `git`, `gcc` na `make`. Ukisakinisha `build-essential` unapata viwili vya mwisho kwa mkupuo.
- Akaunti ya Launchpad, tovuti ambako SBCL huweka orodha yake ya hitilafu. Kusoma hakuhitaji akaunti, kuripoti kunahitaji.
- Bando la kutosha siku utakayopakua msimbo wote pamoja na historia yake. Kama chuoni kuna intaneti, fanya kazi hiyo huko. Ukiwa nyumbani, subiri bando la usiku.

1. Andika una toleo gani

Usiruke hatua hii. Mtu anasema "nina SBCL mpya" kwa sababu aliisakinisha jana, kumbe aliyoipata kwa `apt` ni ya miaka kadhaa nyuma. Ubuntu 22.04, kwa mfano, inakupa 2.1.11. Andika:

```
sbcl --version
uname -a
```

Kisha ndani ya SBCL yenyewe, andika `*features*` (orodha ya sifa za SBCL yako na mashine yako) na uhifadhi jibu lote kwenye faili.

Namba za matoleo si za kubahatisha. SBCL hutoa toleo jipya karibu kila mwezi, na tangu 2.0.0 ya Desemba 2019 namba ya kati imekuwa ikipanda kila mwaka na ya mwisho kila mwezi. Toleo 2.1.11 ni la Novemba 2021; 2.3.7 ni la Julai 2023. Ukiizoea hesabu hiyo, utamwambia mtu umri wa kompaila yake kabla hajamaliza kueleza shida.

2. Vua kila kisichohusika

Washa SBCL bila mipangilio yako:

```
sbcl --no-sysinit --no-userinit
```

Rudia kosa. Likitoweka, chanzo kiko kwenye `.sbclrc` yako (faili la mipangilio) au kwenye maktaba unazozipakia kila unapowasha. Likibaki, anza kukata msimbo. Toa nusu, jaribu. Rudisha, toa nusu nyingine, jaribu. Endelea mpaka ubaki na fankisheni moja fupi inayosimama yenyewe, bila maktaba na bila kusoma faili lolote.

Wengi huchoka hapa na kunitumia programu nzima ya kurasa kumi. Sitaisoma, na walio kwenye mradi wenyewe hawataisoma pia. Habari njema ni kwamba katika huko kukata, wengi hulikuta kosa lao wenyewe na hawafiki hatua ya 3.

3. Jua kosa ni la nani

Kuna dalili moja inayoelekeza kwenye kompaila moja kwa moja: ujumbe unaoanza na `failed AVER`. Hiyo ni kompaila inajikagua na kukuta hali ambayo waandishi wake walidhani haiwezekani. Ujumbe wenyewe hukwambia kwamba huenda ni hitilafu ya SBCL. Soma mpaka mwisho lakini, kwa sababu unataja pia uwezekano mwingine: msimbo wako usio salama ulioharibu kumbukumbu, mfumo endeshi, au hata kifaa chenyewe.

Dalili hiyo isipokuwepo, pima kwa njia mbili. Kwanza, lazimisha ulinzi wote uwashwe:

```lisp
(sb-ext:restrict-compiler-policy 'safety 3)
```

Kisha futa mafaili ya `.fasl` (msimbo uliokwisha kukompailiwa) na ukompaili upya. Ukiona sasa kosa la aina ya data linatajwa wazi, kulikuwa na `(safety 0)`, yaani ulinzi umezimwa, mahali fulani na tamko la uongo kando yake. Ukiiambia kompaila kwamba `x` ni `fixnum` (namba nzima isiyo kubwa sana) huku umeondoa ulinzi, itakuamini. Hapo usiilaumu.

Pili, linganisha kompaila na intapreta:

```lisp
(setf sb-ext:*evaluator-mode* :interpret)
```

SBCL kwa kawaida hukompaili kila unachoandika, hata mstari mmoja. Amri hiyo huifanya itekeleze bila kukompaili. Pakia faili la `.lisp`, si la `.fasl`. Majibu mawili yakitofautiana kwa msimbo uleule usio na `(safety 0)`, una sababu nzuri ya kushuku kompaila. Njia hii ya kulinganisha majibu ndiyo aliyotumia Paul Dietz, mtunzi wa seti ya majaribio ya Common Lisp: programu yake ilitunga fankisheni za ovyo ovyo kwa bahati nasibu, ikazikompaili kwa namna mbili, na kuangalia kama majibu yanalingana. Hitilafu nyingi za SBCL zilifichuliwa hivyo.

Sasa, mambo matatu yanayoletwa kwangu kama "bagi ya kompaila" kila wakati. Hakuna hata moja iliyo bagi.

*Shilingi zinapotea.* Mtu anaandika programu ya SACCOS ya wakulima wa kahawa wa Machame, na jumla haifungi. Jaribu:

```lisp
(+ 20000000.0 1)
```

Jibu ni `2.0e7`. Shilingi moja imeyeyuka. Namba yenye nukta, usipoiambia SBCL vinginevyo, ni `single-float`, na hiyo hushika namba nzima bila kuruka mpaka 16,777,216 tu. Ukipita hapo inaanza kuruka mbilimbili. Kwetu, ambako milioni ishirini ni akiba ya kikundi cha kawaida tu, kosa hili linajitokeza mapema kuliko kwa wenzetu wanaohesabu kwa dola. Hesabu pesa kwa namba nzima. Za Lisp hazina kikomo zaidi ya kumbukumbu ya mashine yako.

*Orodha inakatika yenyewe.* Umeandika fankisheni inayorudisha `'(5200 4800 5000)`, kisha ukaipitisha kwenye `sort`. Mara ya kwanza sawa, mara ya pili orodha inaweza kurudi na kitu kimoja. `sort` huharibu orodha inayopewa, na orodha uliyoiandika kwa alama ya nukuu ni sehemu ya msimbo wako wenyewe. Tumia `(list 5200 4800 5000)`, au ipitishe kwanza kwenye `copy-list`.

*`defconstant` inakataa.* `(defconstant +mikoa+ '(arusha kilimanjaro))` inakubali ukiiandika mara moja, lakini ukikompaili faili kisha ukalipakia, SBCL inalalamika kwamba unabadilisha thamani. Orodha mbili zinazofanana si kitu kimoja kwa `eql` (kipimo cha Lisp cha kama vitu viwili ni kimoja), na kanuni za Common Lisp haziruhusu hilo. SBCL ni kali kuliko nyingine hapa, na mwongozo wake unalieleza jambo hili waziwazi. Tumia `defparameter`, uendelee na maisha.

4. Tafuta kama inajulikana

Anza na msimbo wenyewe:

```
git clone https://git.code.sf.net/p/sbcl/sbcl
cd sbcl
```

Usiweke `--depth 1` (kupakua bila historia) ili kuokoa bando. Utaokoa leo, ila hatua ya 6 itakushinda kwa kukosa historia, na utapakua upya.

Ndani yake kuna faili la `NEWS` linaloeleza kila toleo lilibadilisha nini. Tafuta jina la fankisheni inayokusumbua:

```
grep -n -i "bug fix" NEWS | grep -i "subseq"
git log --oneline -i --grep="subseq"
```

Ukiona alama kama `lp#` ikifuatiwa na namba, hiyo ni namba ya ripoti kwenye Launchpad. Angalia pia majaribio:

```
grep -rn "fails-on" tests/
```

Majaribio yenye alama hiyo ni yale ambayo wenyewe wanajua hayapiti, ama kwenye mashine fulani au kote. Ni orodha ya hitilafu zinazojulikana ambayo watu wengi hawajui kama ipo, na mimi naiamini kuliko maelezo ya maneno, kwa sababu inaendeshwa.

Halafu nenda Launchpad. Tafuta kwa jina la fankisheni au kwa maneno ya ujumbe wa kosa, si kwa maelezo yako ya "inatoa jibu baya". Na tahadhari kubwa iko hapa: utafutaji wa kawaida huonyesha ripoti zilizo wazi tu. Iliyokwisha kurekebishwa au kukataliwa haionekani mpaka uingie kwenye utafutaji wa kina na kutia alama hali hizo. Watu hutafuta, wasione kitu, waripoti jambo lililorekebishwa mwaka juzi.

Hali utakazokutana nazo:

- New: imeingia, huenda hakuna aliyeithibitisha.
- Incomplete: mwenye ripoti ameulizwa jambo na hajajibu. Kama na wewe unaipata, jibu wewe.
- Confirmed na Triaged: imethibitishwa. Haina maana kuna mtu anaishughulikia.
- In Progress: kuna mtu ameishika.
- Fix Committed: imerekebishwa kwenye msimbo, toleo lenye marekebisho bado halijatoka.
- Fix Released: imo kwenye toleo lililotoka. Sasisha.
- Invalid: si hitilafu. Soma sababu kabla ya kubisha.
- Won't Fix: wanaijua, na wameamua kuiacha.

5. Fungua daftari lako

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Orodha ya hitilafu iliyoandikwa kwenye karatasi au jedwali huzeeka haraka: baada ya miezi sita hakuna anayejua ipi bado ipo. Daftari liwe msimbo unaoweza kujipima. Tengeneza faili `hitilafu.lisp`:

```lisp
(defvar *daftari* '())

(defmacro hitilafu (jina (&key lp hoja tarajio) lamda)
  `(push (list ',jina ,lp ,tarajio
               (lambda () (apply (compile nil ',lamda) ,hoja)))
         *daftari*))

(defun pima ()
  (dolist (h (reverse *daftari*))
    (destructuring-bind (jina lp tarajio kazi) h
      (let ((jibu (handler-case (funcall kazi)
                    (serious-condition (e) (type-of e)))))
        (format t "~a [~a]: ~a~%" jina lp
                (if (equal jibu tarajio) "IMEPONA" "bado ipo"))))))

;; Toleo lililoonekana: 2.1.11, x86-64
;; Kiraka: KIRAKA-1 kwenye hesabu.lisp
(hitilafu mfano-tu (:lp "haijaripotiwa" :hoja '(21) :tarajio 42)
  (lambda (x) (declare (type fixnum x)) (* x 2)))

(pima)
```

Huo wa mwisho ni mfano wa muundo, si hitilafu ya kweli, kwa hiyo utaandika IMEPONA. Weka zako chini yake, juu ya `(pima)`. Endesha:

```
timeout 120 sbcl --script hitilafu.lisp
```

Mambo ya kuzingatia:

Hoja zipite kupitia `:hoja`, usiziandike ndani ya fankisheni. Ukiandika `(* 21 2)` moja kwa moja, kompaila inaweza kukokotoa jibu wakati wa kukompaili, na ile njia yenye hitilafu isipitiwe kabisa. Utaandika "imepona" wakati haijapona.

`timeout` ipo kwa sababu baadhi ya hitilafu huifanya kompaila izunguke bila kumaliza.

Hitilafu inayoangusha SBCL nzima isikae kwenye faili hili, maana itaangusha na vipimo vinavyofuata. Ipe faili lake.

Na kila unapoandika msimbo wa kukwepa hitilafu kwenye programu yako, weka alama inayotafutika, kama `KIRAKA-1`. Hitilafu ikipona, `grep` itakuonyesha cha kufuta. Viraka visivyo na alama hubaki milele, na anayekuja baada yako ataviogopa.

6. Tafuta ilianza lini

Kama toleo la zamani lilikuwa sawa na jipya lina shida, `git bisect` itakuonyesha badiliko lililoileta. Kwanza weka ule msimbo mfupi wa hatua ya 2 kwenye faili `mfano.lisp`, na uhakikishe inamalizia na `(sb-ext:exit :code 1)` hitilafu ikiwepo. Kisha andika `pima.sh`, na mafaili yote mawili uyaweke nje ya folda ya sbcl:

```
#!/bin/sh
sh clean.sh >/dev/null 2>&1
sh make.sh >/tmp/jenga.log 2>&1 || exit 125
timeout 60 ./src/runtime/sbcl --core output/sbcl.core \
  --script ../mfano.lisp || exit 1
```

Namba 125 inaiambia git iruke badiliko lisilojengeka. Ule `|| exit 1` wa mwisho usiuache: SBCL ikianguka vibaya hurudisha namba kubwa, na git ikipata 128 au zaidi inasimamisha kazi yote.

```
git bisect start
git bisect bad sbcl-2.3.7
git bisect good sbcl-2.1.11
git bisect run sh ../pima.sh
```

Mabadiliko 1,000 yanahitaji kujenga mara 10 hivi, kwa sababu kila mara nusu inatupwa. Umeme ukikatika katikati, usianze upya. Git imehifadhi ilipofika. Rudia mstari wa mwisho tu. Ukimaliza, andika `git bisect reset`.

7. Ripoti

Kama ripoti ipo tayari, usifungue nyingine. Launchpad ina mahali pa kubonyeza kusema kwamba hitilafu inakugusa na wewe. Bonyeza, kisha ongeza tu kama una jambo jipya, kwa mfano badiliko ulilolipata kwenye hatua ya 6.

Kama haipo, weka hivi: toleo, `uname -a`, `*features*`, msimbo mfupi, ulichotarajia, ulichopata. Hitilafu moja, ripoti moja. Vijana wengi wanasita kwa sababu ya Kiingereza. Usisite. Msimbo ukiwa mfupi na unarudia kosa kila mara, sentensi mbili za kawaida zinatosha.

Kabla ya kutuma, ondoa majina ya wanachama, namba za simu na salio za watu. Kikishapanda mtandaoni kimepanda.

8. Kila toleo jipya likitoka

Jenga kwenye folda tofauti, usifute la zamani:

```
sh make.sh --prefix=$HOME/sbcl-mpya
sh install.sh
```

Endesha daftari kwa toleo jipya. Palipoandikwa IMEPONA, futa kiraka, endesha majaribio ya programu yako, kisha hamishia hilo jaribio la daftari kwenye majaribio yako ya kawaida ili kosa likirudi ulione. Mashine inayohudumia watu usiibadilishe siku hiyohiyo, hasa mwisho wa mwezi.

Ikikwama

*`make.sh` inasema haina Lisp ya kujengea.* SBCL hujengwa na Lisp nyingine. Sakinisha ile ya `apt` kwanza, hata kama ni ya zamani.

*`Heap exhausted`.* Si lazima iwe hitilafu. Ongeza nafasi ya kumbukumbu kwa `sbcl --dynamic-space-size`, ukiipa kiasi kikubwa kuliko cha sasa, uone kama inatulia. Ikiendelea kupanda bila kikomo, chunguza programu yako kwanza.

*`Control stack exhausted` baada ya kuweka `(debug 3)`.* Ni kawaida. `debug` ikizidi 2, SBCL huacha kufupisha miito ya mkiani (mwito ulio wa mwisho ndani ya fankisheni), na fankisheni inayojiita yenyewe mara nyingi itajaza nafasi.

*`.fasl` inakataliwa baada ya kusasisha.* Ilikompailiwa na toleo jingine. Ifute, kompaili upya.

*Kosa linatoweka nikifupisha msimbo.* Rudisha ulichotoa mwisho. Mara nyingi ni tamko la `inline` au `declaim` ya `optimize` juu ya faili, ambayo uliikata ukidhani haihusiki.

*Kwangu lipo, kwa mwenzangu halipo.* Linganisheni `*features*` mstari kwa mstari. Laptopu ya x86-64 na Raspberry Pi ya ARM64 hutumia sehemu tofauti za kompaila, na hitilafu inaweza kuwa ya upande mmoja tu.

*Daftari linasema IMEPONA lakini programu bado inakosea.* Ulichokifupisha hakikuwa kosa lako, au kuna makosa mawili. Rudi hatua ya 2 ukiwa na toleo jipya, na ripoti ya zamani usiiguse.